Bihogo Alipoteaje

Kyanzi cha marehemu Kemirembe kilinifikia kimefungwa ndani ya kitenge. Binti yangu alikipakata kutoka Kaisho hadi hapa Nyakakika kama anabeba mtoto mchanga. Ni chombo cha maziwa cha mti, kimekuwa cheusi kwa uzee, na mfuniko wake wa kusukwa bado umekaza. Nilipoufungua hapakuwa na kitu ndani. Lakini harufu ilitoka ikanipiga usoni, moshi wa nyasi na siagi na ngozi ya ng'ombe iliyoshinda juani, nikakaa chini pale pale jikoni. Binti yangu akadhani nimezidiwa, akaanza kuita maji. Nikamwambia aache kelele, nina afya kuliko yeye. Nilikuwa nimerudi utotoni mara moja, basi.

Na kule utotoni nisingekaa sana, maana sebuleni wajukuu walikuwa wanagombana. Ilikuwa wiki ya Krismasi, nyumba imejaa. Anitha, mtoto wa mwanangu wa Mwanza, alikuja na simu kubwa kama sinia, na ndani yake kuna michezo ya msichana mmoja shujaa anayezunguka dunia kutafuta vilivyopotea. Michezo yenyewe ni mingi, imefuatana, wa kwanza ulitoka Anitha hajazaliwa. Wenzake wa Kaisho, watoto wa binti yangu, hawajawahi kuigusa. Sasa waanzie upi? Kaka yake Anitha, Brayani, anasema waanzie wa kwanza, la sivyo hawataelewa kitu. Anitha anasema wa kwanza unachosha, watu wake wana nyuso kama matofali, mgeni akianzia pale ataacha na hatarudi. Yeye anataka wapewe wa kati, ule mzuri. Wakabishana mpaka nikaona wale wa Kaisho wameacha kuitazama simu, wanatazama mlango.

Macho ya namna ile nayajua. Nikawaambia walete shauri lao hapa, kazi hiyo niliifanya kabla baba zao hawajaota meno. Wakacheka. Brayani akaniuliza kwa adabu, lakini kicheko kimembana, mimi nilicheza gemu gani.

"Bihogo," nikamwambia. "Kaa chini."

Wenzangu mliokulia huku mnakumbuka kwamba michezo ilirithiwa kama vyungu. Dada akiolewa anakuachia, na wewe ukiolewa unamwachia anayekufuata. Wetu ulikuwa Bihogo. Haukuwa mchezo mmoja, ilikuwa mingi, mmoja nyuma ya mwingine kama vyumba vya nyumba. Bihogo ni ng'ombe wa bibi kizee asiye na mtoto. Jioni moja ng'ombe hakurudi, na watoto wa kijiji wakatoka kwenda kumtafuta. Kila mchezo ni kipande cha safari hiyo. Unaanza na Kuaga, watoto wanakula pamoja kwenye jani moja na bibi kizee anawatemea mate ya baraka. Halafu kuna Kichuguu, kuna Mto, ambapo unavuka juu ya shina la mgomba na mamba anakungoja chini, kuna Moto wa Rweya, nyasi za uwanda zikiwaka pande zote. Karibu na mwisho kuna Kuita. Bihogo anaonekana ng'ambo, lakini haji mpaka aitwe na sauti anayoijua. Na wa mwisho kabisa ni Kurudi, anarudishwa nyumbani. Wakubwa zetu waliucheza, na wakubwa wa wakubwa zetu. Nani aliutunga, hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi nilidhani ulikuja na dunia.

Aliyekuwa na fimbo ya mchezo ndiye aliyeamua: leo tunacheza upi, nani mamba, nani chui, nani afe mapema. Dada yangu alipoolewa kwenda Rugera alinipa fimbo hiyo siku ile ile, akiwa amekwisha kuvaa nguo za harusi na shanga shingoni. Akaniinamia, akaniambia nisije nikaivuruga michezo, na kwamba mgeni huanzia mwanzo. Wakamchukua. Nilibaki na fimbo na maneno hayo.

Shule niliiacha darasa la tatu. Mama alijifungua mapacha, na mapacha wana migongo miwili ya kubebewa, mmoja wake na mmoja wangu. Sikulia sana. Kilichoniuma ni asubuhi. Wenzangu wakishaenda shule kijiji kilikuwa kimya mpaka unasikia ndizi zinavyokua. Binamu zangu Kokugonza na Deo walirudi mchana, wamechoka, na Kokugonza alikuwa ameanza kuona mchezo ni wa watoto. Mimi nilikuwa na fimbo, nina mtoto mgongoni ananitemea maziwa shingoni, na sina mtu. Mchezo wa watu wengi ukiucheza peke yako watu watasema umechanganyikiwa, na mama yangu alikwisha kusema.

Basi mjue nilivyofurahi siku ile wageni walipofika na ng'ombe wao, wakapiga kibanda cha nyasi upande wa pili wa rweya. Sisi tulikuwa watu wa kibanja, migomba na kahawa mpaka mlangoni. Wao walikuwa wafugaji. Walikuwa na mabinti wawili, Kemirembe wa umri wangu na mdogo wake Kobusinge, na hakuna hata mmoja aliyekwenda shule. Asubuhi zangu zote zilikuwa zimepata watu.

Lakini baba yao hakuwa amepanda hata mti mmoja. Wakubwa walilisema hilo wakinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwamba mtu asiyepanda mti bado hajaamua. Alikotoka walifukuzwa, ng'ombe waliingia migombani kwa watu na mapanga yakatoka. Sasa alikuwa anatupima. Akiona sisi si majirani, atasonga mbele mpaka Kaisho. Nilisikia hayo nikiwa nimebeba pacha, na tangu hapo nikawa naamka na kutazama kwanza kule ng'ambo kama kibanda kipo. Nilitaka wale mabinti wabaki kuliko nilivyotaka viatu, na viatu nilivitaka sana.

Niwaambie na ujinga wangu. Wale mabinti walinukia moshi. Harufu yao ilikuwa hii hii ya kyanzi, moshi na siagi, hata nywele zao. Mimi moshi wa namna hiyo niliujua kwenye samaki wakavu waliokuja sokoni kutoka ziwani. Nikafikiri na kufikiri, nikapata jibu: hawa wametoka mbali, kwa hiyo mama yao amewakausha kwa moshi wasiharibike njiani. Nilimweleza hata Deo. Deo alisema ndiyo, inaelekea.

Nilipowaita kucheza, nilifuata neno la dada yangu. Mgeni huanzia mwanzo. Tukakaa uani kwetu, nikatandika jani la mgomba, nikaweka ndizi za kuchoma na maharage niliyomwomba mama tangu asubuhi. Hiyo ndiyo Kuaga. Usipokula kwenye jani huwezi kwenda safari, maana wasafiri wa Bihogo ni watu waliokula pamoja. Kokugonza akala, Deo akala mara mbili, nami nikala. Kemirembe akalitazama jani, akaweka mikono nyuma. Kobusinge akamtazama dada yake, naye akaweka mikono nyuma.

Tukawasihi. Wakatingisha vichwa.

"Waacheni," Kokugonza akasema, na alisema kwa sauti ili wasikie. "Hawa hawali chakula cha watu wa jembe."

Deo, mdomo umejaa, akauliza kama labda wanangoja tuwachinjie. Wale mabinti waliinuka wakaondoka wakipita katikati ya migomba, polepole, migongo imenyooka, bila kuangalia nyuma. Nikaona ni kweli, wanaringa. Halafu nikajitetea moyoni kwa ajili yao: pengine mtu aliyekaushwa kwa moshi hatakiwi kula maharage, ataanza kuoza. Nikalala na jibu hilo. Asubuhi nikatazama ng'ambo. Kibanda kipo, lakini hawakuja. Kesho yake tena hawakuja.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa mwanamke wa maneno machache na makali. Aliniona nakaa na fimbo kama mgane, akaniuliza wale watoto wako wapi. Nikamweleza kwamba wanaringa, hawakula. Akauliza tuliwapa nini. Nikasema ndizi na maharage. Akaguna, akakata mkungu mmoja wa ndizi, akaniwekea pacha mgongoni, tukavuka rweya kwenda kusalimia.

Mama yake Kemirembe alitupokea kwa heshima, lakini uso wake umefungwa. Alileta maziwa kwenye kyanzi, hiki kilichonijia mimi juzi, nasi tukashika. Nilikuwa nimekwisha kuinua mdomo, nayatamani, bibi akaniwekea mkono kwenye goti.

"Mama, tumekula maharage leo," akamwambia yule mwanamke. "Tuwekee ya kesho asubuhi, tutakuja na matumbo matupu."

Nikaona uso ule unafunguka. Yule mama alicheka, akakaa chini karibu nasi, wakaanza kuzungumza habari za mvua na za mapacha kama watu waliojuana tangu zamani.

Njiani bibi alinipa somo, na somo lake halikuwa refu. Kwa wenye ng'ombe, maziwa na maharage hayakutani katika tumbo moja siku moja. Ukiyakutanisha, ng'ombe ndiye anayeumia, chuchu zinatoa damu. Wale watoto walikuwa wamekunywa maziwa asubuhi. Wangekula maharage yangu wangewadhuru ng'ombe wa baba yao. Na kule kunukia? Vyombo vya maziwa vinafukizwa kwa moshi wa nyasi, wewe mpumbavu, kwani ulidhani nini? Sikumwambia nilidhani nini. Kumbe walikataa maharage. Sisi hawakutukataa.

Lakini kitu kikubwa nilichokiona siku ile bibi hakukiona, alikuwa anaongea. Jua lilikuwa limeanza kulegea, ng'ombe wametapakaa kule kwenye mteremko, na Kemirembe akatoka kibandani. Hakukimbia wala hakubeba fimbo. Alisimama tu, akaweka kiganja kando ya mdomo, akatoa sauti nyembamba, ndefu, kama mtu anavuta uzi kutoka kifuani. Kule mbali vichwa vikainuka. Pembe zile ndefu zikageuka zote upande mmoja, na ng'ombe wakaanza kuja.

Nikasimama na pacha wangu, mdomo wazi. Sisi Kuita tulikucheza kwa kupiga kelele. Deo alikuwa akilia kama beberu.

Kesho yake mchana nikamwambia Kokugonza na Deo kwamba nimechagua. Wageni wataanzia Kuita. Mngeona walivyoniparamia. Deo alitaka Mto, kwa sababu Mto ndio wenye raha, na kwa sababu yeye ndiye mamba. Nikamwambia mtu aliyevuka mto wa kweli na ndama wake hana haja na mto wako wa shina la mgomba, atakucheka. Kokugonza ndiye aliyenibana kweli, maana alikuwa na akili na alikuwa na shule.

"Kuita kuko karibu na mwisho," akasema. "Ukishawaonyesha Bihogo amepatikana, watamtafuta wa nini?"

Hilo lilinipiga. Nililifikiria nimeshika fimbo, na neno la dada yangu liko sikioni, mgeni huanzia mwanzo. Kisha jibu likanijia, na mpaka leo sijui lilitoka wapi, maana shuleni halikutoka.

"Watataka kujua alipoteaje," nikasema.

Akanyamaza. Kokugonza kunyamaza ilikuwa kama sherehe. Lakini alipopata pumzi akaniambia kwamba wasipokuja tena baada ya hapo, fimbo nimpe yeye, ataifanya kuni. Nikakubali. Mnaona nilichoweka pale? Nikikosea, mchezo wa dada yangu unakufa mikononi mwangu, na wale mabinti wanakwenda Kaisho.

Nilikwenda kuwaita mwenyewe. Nikamwambia Kemirembe leo hakuna kula. Akanitazama, akaniuliza kuna nini basi. Nikasema kuna ng'ombe aliyepotea. Akaja bila kuvaa hata kanga yake vizuri, maana neno hilo mfugaji halisikilizi mara mbili.

Tukakutana kwenye rweya, katikati ya kwao na kwetu. Deo tulimfanya Bihogo. Tulimfunga majani makavu ya mgomba mgongoni na kumpaka jivu jeupe mwili mzima, kama Bihogo alivyokuwa siku zote, akaenda kujificha kwenye nyasi ndefu upande wa migomba yetu. Kemirembe alimtazama akienda, akatuuliza ng'ombe wetu anaitwa nani. Bihogo, tukamwambia. Akamtazama tena.

"Bihogo mweupe?" akasema. "Huyo amepotea kweli."

Kobusinge alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo tukajua, mbele ya wageni, kwamba bihogo ni rangi, ni ng'ombe mwekundu wa kahawia iliyoiva, na kila mfugaji anaye mmoja. Vizazi vyote vile vya watoto wa migomba tulikuwa tunampaka jivu! Mimi nilicheka pia. Kokugonza alichelewa kucheka, lakini alicheka.

Tukaita kwa zamu. Kokugonza aliita kama mwalimu anaita majina. Mimi niliita kama mama anaita watu wa deni la sukari. Deo hakuja, ndiyo sheria, akaendelea kutulia kwenye nyasi zake. Kisha ikawa zamu ya Kemirembe. Akasogea mbele kidogo. Akaweka kiganja kando ya mdomo.

Ile sauti ikatoka. Nilikuwa karibu safari hii, nikaisikia inapita kwenye mifupa yangu, na pacha mgongoni akaacha kulia. Iliita jina, Bihogo, ikalirefusha mpaka likapita juu yetu, likapita juu ya nyasi. Na kule kwenye mteremko, Bihogo wa kweli akainua kichwa.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nani angelifikiria? Alikuja ng'ombe mwekundu, mkubwa, pembe kama mikono ya mtu anayeomba, na nyuma yake wakaja wengine wote. Waliteremka wakaja kwa mwendo wa kujua wanakokwenda. Deo kwenye nyasi alisikia kwato, akachungulia, akaona pembe. Aliruka akakimbia majani yakipeperuka, jivu likimtoka kama vumbi la njiani, na alikimbilia wapi? Nyumbani. Ndani ya migomba yetu. Ng'ombe walipoona kitu cheupe kinakimbia wakakifuata mbio.

Kemirembe aliacha kuita. Uso wake ulikuwa umekauka. Alijua kilichowafukuza kule walikotoka, na mimi nilijua pia. Baba yangu alitoka kati ya migomba na mundu wa kupogolea mkononi. Na kule juu nikamwona baba yake Kemirembe anashuka anakimbia, kanzu ameikusanya mkononi, na hana haja ya kuambiwa.

Ng'ombe wa kwanza alikwisha kufika kwenye migomba ya pembeni. Akanyoosha ulimi, akavuta jani.

Mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na fimbo. Sheria ya Bihogo inasema anayeita ndiye anayerudisha, na anayerudisha hushika fimbo ya mchezo mpaka kwenye mlango wa bibi kizee. Nikamtia Kemirembe fimbo mkononi.

"Umemwita wewe," nikamwambia. "Mrudishe."

Akanitazama, akaitazama fimbo. Halafu akatembea, hakukimbia, akapita mbele ya baba yangu na mundu wake kama anapita mbele ya madhabahu. Akainua fimbo, akaanza sauti nyingine, ya chini, ya kunong'ona karibu, hii sasa ilikuwa kama mtu anabembeleza mtoto. Bihogo akaliachia jani. Akageuka. Wengine wakageuka nyuma yake, mmoja mmoja, wakipita kati ya mgomba na mgomba kwa uangalifu kama wanawake waliobeba vyungu. Akawatoa mpaka kwenye rweya. Alipofika kwa baba yake, yule mzee alikuwa amesimama, hapumui vizuri, anamtazama baba yangu.

Baba yangu alikwenda kuukagua ule mgomba. Akaushika, akautikisa, akalitazama jani lililoliwa. Sote tulingoja. Hata Deo alikuwa ametokeza kichwa cheupe mlangoni.

"Jani si mgomba," baba akasema.

Akaliangusha lile jani kwa mundu wake, akamwendea mzee, akampa mkono. Yule mzee akaushika kwa mikono miwili. Wakasimama pale wakizungumza, na baada ya muda baba akamwonyesha kwa mundu pale ambapo mtu mwenye akili angepanda ua wa miti, ili ng'ombe wakiitwa tena wajue pa kuishia. Mzee alikuwa anatikisa kichwa anakubali, anauliza ni miti gani inayoshika upesi kwenye udongo wetu.

Mimi sikusikiliza sana. Kemirembe alikuwa amenirudishia fimbo, akaenda na ng'ombe wake. Nikabaki sijui. Wakubwa wameelewana, sawa, lakini mchezo je? Kokugonza alinikumbusha kuhusu kuni zake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa jikoni nachochea moto wa maharage, pacha analia, wenzangu wamekwisha kwenda shule. Kivuli kikaingia mlangoni. Ile harufu ya moshi ikaja kwanza. Alikuwa Kemirembe, kamshika Kobusinge mkono, na wote wawili midomo imewakauka.

"Leo hatujanywa maziwa," akasema. "Tuambie alipoteaje."

Jamani, nimezaa, nimeozesha, nimezika, nimejenga nyumba ya bati kwa kahawa yangu mwenyewe. Lakini sijui kama kuna siku nilitembea nimeinua kichwa kama asubuhi ile nilipotandika jani la mgomba uani, nikaweka maharage, na wale watoto waliolelewa kwa maziwa wakashinda bila maziwa ili waingie safari yetu kwa mlango wake wa kwanza. Tulicheza michezo yote. Tuliicheza mpaka tukaota matiti, na tangu siku ile hakuna aliyempaka Bihogo jivu, tulimpaka udongo mwekundu. Miti ya ua wa baba yake Kemirembe ipo mpaka leo, nendeni mkaione, imenenepa. Mwana wa Kemirembe ndiye aliyemwoa binti yangu na kumpeleka Kaisho. Siku ya kuposa, Kemirembe alikuja amevaa vizuri, mkwe wa heshima, tukakaa tumeinamisha macho kama wakwe wanavyotakiwa, mpaka akaninong'oneza kama nimemchagulia mwanawe mchezo wa kuanzia. Niliaibika kwa kicheko mbele ya wazee.

Nilimaliza hapo. Brayani akasema, akikuna kichwa, kwamba lakini ule wa kwanza ndio wenye mwanzo. Nikamwambia wala haukimbii, mwanzo hukaa pale pale unangoja mtu. Anitha hakungoja tena. Aliwapa wenzake wa Kaisho ule wa kati, wenye farasi na mahekalu, akakaa nyuma yao mikono amefunga, asiwaguse. Yule mdogo wa Kaisho, ambaye nusu ya damu yake ni ya upande wa Kemirembe, alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, ulimi nje.

Kesho yake asubuhi nilikuwa jikoni. Kyanzi cha Kemirembe nilikuwa nimekifukiza upya, kimejaa maziwa, na pembeni chungu cha maharage kinachemka kwa ajili ya wengine. Anitha akaja amejaa majivuno mpaka amesahau kuniamkia, akarudi mlangoni akaanza upya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Una nini?"

"Yule mdogo wa Kaisho amekuja kuniomba wa kwanza. Anataka kujua yule msichana alianzaje kutafuta."

Nikamwambia ampe. Halafu nikachukua kikombe, nikamwita yule mdogo wa Kaisho, nikamuuliza kwanza anywe nini na ale nini leo, achague mwenyewe.